Mimina Maji Kwanza: Jinsi ya Kuandaa Timu ya Wanafunzi kwa Shindano la Jiji la Kesho

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nane, napigiwa simu na mwalimu au mhandisi kijana ambaye ameombwa kusimamia timu ya wanafunzi kwenye shindano la kubuni jiji la kesho, na hajui aanzie wapi. Namwambia jambo lile lile: tafuta kopo, litoboe matundu chini kwa msumari, liweke karibu. Utalihitaji kabla ya gundi, kabla ya rangi, kabla ya mkasi.

Mimi ni fundi sanifu wa barabara na mitaro ya mvua. Naishi Tabata, na kwa miaka 6 sasa Jumamosi asubuhi nakwenda kwenye klabu ya sayansi ya shule moja ya kata upande wa Buguruni. Tunakaa chini ya mwembe mvua isiponyesha, na kwenye maabara ya fizikia ikinyesha. Haya ninayoandika ni yale niliyojifunza pale pamoja na watoto.

Shindano linalojulikana zaidi la aina hii ni Future City la Marekani, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na sasa linaendeshwa na taasisi ya DiscoverE. Lilianza kwa watoto wa umri wa darasa la sita hadi kidato cha pili hivi. Timu inakuwa na wanafunzi wasiopungua watatu, mwalimu mmoja, na mtaalamu wa kujitolea, mara nyingi mhandisi. Wanabuni jiji la miaka 100 ijayo, wanaandika insha isiyozidi maneno 1,500, wanajenga modeli kwa vitu vilivyokwisha kutumika, na modeli hiyo lazima iwe na angalau kitu kimoja kinachosogea. Kisha wanasimama mbele ya majaji kueleza na kujibu maswali. Gharama zisizidi dola 100. Kila msimu una mada yake: 2020/21 ilikuwa kuishi Mwezini, msimu uliofuata ukawa jiji lisilo na taka, 2023/24 nishati ya umeme, 2024/25 jiji linaloelea juu ya maji. Sisi, shule nne jirani, tuliamua kushindana wenyewe kwa wenyewe kwa kufuata utaratibu huo, tukaomba wahandisi watatu waje kuwa majaji. Huhitaji ruhusa ya mtu wa mbali kuanza hivyo.

Mto uliopanda mlima

Mwaka wetu wa kwanza timu ilijenga jiji la kupendeza macho. Magorofa ya vioo yaliyokatwa kwenye chupa za maji, treni ya juu kwa juu, uwanja wa ndege, na mto wa buluu uliopakwa rangi inayong'aa. Jaji mmoja, mama mtu mzima aliyefanya kazi ya maji maisha yake yote, aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na meza. Akamuuliza binti wa kidato cha pili aliyekuwa anaeleza, "Mwanangu, huu mto wenu unatoka wapi, unakwenda wapi?" Binti akaonyesha kwa kidole, kutoka kona ya uwanja wa ndege hadi baharini. Yule mama akatoa gololi kwenye mkoba, akaiweka katikati ya mto. Gololi ikatulia kidogo, ikarudi nyuma, ikabingirika taratibu hadi uwanja wa ndege. Bahari yao ilikuwa juu kuliko chanzo cha mto kwa unene wa boksi mbili.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukumbi. Mitaro ndiyo inayonilisha, na miezi mitatu mizima nilikuwa na wale watoto nikiwasaidia kukata madirisha. Sikuwauliza hata siku moja maji yao yanakwenda wapi. Tangu siku ile klabu yetu haibandiki nyumba hata moja kabla ya ardhi kumwagiwa maji.

Chagueni mahali mnapoweza kupatembea

Watoto wakiambiwa "miaka 100 ijayo" wanakimbilia magari yanayoruka. Waache wayachore siku moja, yaishe. Jumamosi ya pili waulize: jiji lenu liko wapi? Wakijibu "popote", hapo hamna jiji bado. Sisi huwa tunachagua kipande kimoja cha Dar es Salaam, cha mita 610 kwa mita 305, ambacho mtoto anaweza kukizunguka kwa saa moja na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Vipimo hivyo vina sababu, nitavieleza mbele.

Kipande chetu tunakipenda kiwe kandokando ya Mto Msimbazi. Mto huu unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale Daraja la Selander. Hakuna mtoto wa Ilala asiyeujua, maana mvua kubwa ikinyesha Barabara ya Morogoro pale Jangwani inafungwa, na baba aliyekwenda kazini kwa mwendokasi anarudi usiku wa manane. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Watoto wa klabu yangu wengine hawakuwa wamezaliwa, lakini nyumba wanazolala zimebeba alama.

Kabla ya kwenda, chapisheni ramani. Kuna mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa mitaa kuchora ramani za kata zinazofurika: nyumba, vichochoro, mitaro, visima. Kazi yao iko wazi kwenye OpenStreetMap, haina malipo. Mpe kila mtoto karatasi yake na penseli, aongeze kisichokuwemo: kibanda cha chipsi, bomba linalovuja, mti wenye kivuli ambapo bodaboda wanasubiri abiria.

Siku ya kutembea, mzungumzaji asiwe wewe. Mwaka juzi tulipita uchochoro mmoja karibu na mto, tukamkuta bibi anauza vitumbua barazani. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu, mnapima nini, mnatuvunjia?" Lile swali lenyewe ni somo, kwa sababu mabondeni mtu mwenye karatasi na futi kamba huonekana amekuja kuweka alama ya X ya kubomolewa. Tukamweleza. Akainuka, akashika mwimo wa mlango, akaonyesha msumari uliopigwa kwenye ubao, umeshika kutu. "Maji yalifika hapa, mwaka ule wa 2011. Marehemu mume wangu ndiye aliyeupiga." Mtoto mmoja akapima kutoka sakafuni: sentimita 94. Mwingine akamuuliza kwa nini hakuhama. "Nihame niende wapi, mjukuu wangu? Wateja wangu wako hapa."

Timu ile ilikuwa imepanga kuhamisha watu wote wa bondeni wakajengewe magorofa mbali. Walirudi shuleni wakabishana wiki mbili. Mwishowe wakaamua nyumba za karibu na mto zikae juu ya nguzo, sakafu ikiwa mita 1.5 kutoka chini, na chini yake pawe pa biashara za mchana zenye meza za kuhamishika. Kila jaji aliyeuliza "kwa nini mita 1.5?" alijibiwa kwa msumari wa bibi. Jibu la namna hiyo halipatikani kwa kukaa darasani.

Kupiga levo bila mashine

Kupiga levo ni kupima ardhi inapanda au kushuka kiasi gani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wasimamizi wengi wanairuka wakidhani inahitaji vifaa vya gharama. Inahitaji mpira wa levo tu, ule mwembamba unaoonekana ndani, ambao mafundi wanautumia kusawazisha msingi wa nyumba. Sisi tulinunua mita 12.

Jazeni maji mpaka yabaki kama sentimita 30 kila upande. Maji hayo yawe yamechemshwa na majani ya chai yakapoa, ili rangi ionekane vizuri juani. Kisha angalieni mapovu. Povu moja la hewa katikati ya mpira linatosha kuharibu kipimo chote; mmoja ainue upande mmoja juu, mwingine apige mpira kwa vidole hadi povu lipande litoke. Watoto wanalidharau hili, wanaona maji yamejaa basi. Wasimamie hapa.

Sasa mtoto wa kwanza anasimama na rula ndefu kwenye sehemu ya juu ya mtaro, wa pili anakwenda mita 10 mbele na rula yake. Maji yakitulia yanakuwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti ya namba kwenye rula ndiyo tofauti ya ardhi. Andikeni, sogeeni mita 10 nyingine. Mtaro mmoja tulioupima ulitupa sentimita 6, kisha 3, kisha 7, kisha 4. Jumla 20 kwa mita 40, yaani ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 200. Kwa macho, mtaa ule ni tambarare kabisa. Nilimwona mtoto mmoja akiinama kuangalia barabara anayopita kila siku kwenda shule, kisha anaangalia namba zake, kisha barabara tena. Alikuwa ameelewa kwa nini maji hukaa siku nne mbele ya mlango wao.

Ardhi, kisha maji, kisha nyumba

Shiti ya plywood ni sentimita 122 kwa 244. Ukiikata nusu kwa upana na nusu kwa urefu unapata robo, sentimita 122 kwa 61. Mafundi seremala wa Keko wana mabaki ya ukubwa huo, wanauza kwa bei ya kuelewana ukienda na watoto wenye sare. Soma kwanza kanuni za shindano lako kuhusu ukubwa unaoruhusiwa. Tukitumia kipimo cha 1 kwa 500, yaani sentimita 1 ya ubao ni mita 5 za mtaani, sentimita 122 zinakuwa mita 610 na sentimita 61 zinakuwa mita 305. Ndiyo maana ya kipande kile cha kutembea.

Tatizo ni kwamba kwa kipimo hicho, mteremko wa mita 3 kutoka mwanzo hadi mwisho wa ubao unakuwa milimita 6 tu. Maji hayatasogea. Kwa hiyo ardhi tunaipandisha kwa kipimo chake peke yake, 1 kwa 100, nyumba zikibaki 1 kwa 500. Hilo ni halali mradi mliandike wazi kwenye kona ya modeli. Jaji akiligundua mwenyewe bila kuambiwa atadhani mmekosea. Akilisoma pale atajua mmefikiri.

Boksi la kawaida la dukani lina unene wa kama milimita 4, ambazo kwa 1 kwa 100 ni sentimita 40 za ardhi. Kata maboksi kwa kufuata vipimo vya levo, yapange moja juu ya jingine kama ngazi. Halafu chana magazeti, yachovye kwenye uji mzito wa unga wa muhogo, bandika tabaka tatu juu ya zile ngazi ili ziwe mteremko laini. Kausha siku tatu juani. Msifanye kazi hii mwezi wa nne. Tulijaribu, tukapata ukungu wa kijani na harufu ambayo mwalimu wa maabara hakuifurahia. Ikikauka kabisa, paka rangi ya mafuta mara mbili, kila mara usiku mzima upite. Rangi ya maji haifai, itanyonya.

Sasa lete kopo. Weka ubao mezani, pande zote sawa, beseni likinge upande wa bahari. Mtoto mmoja ashike kopo juu, mwingine amimine maji ndani taratibu, wengine wote wakae kimya waangalie. Ni kimya cha kweli, hata wale wasumbufu. Maji yanaanza kama jasho, yanakusanyika, yanatafuta njia, na kwa dakika moja jiji ambalo bado halina hata nyumba moja limeshajichora: pale mto, pale bwawa, pale mahali pakavu. Wachore mipaka ya maji kwa chaki kabla hayajakauka.

Timu ya mwaka jana ilikuta maji yamekaa palepale walipopanga kujenga shule. Mmoja akasema, "Tupandishe kwa boksi moja." Nikawauliza hayo maji yatakwenda kwa nani. Wakapima dimbwi: sentimita 20 kwa 15. Kwa 1 kwa 500 ni mita 100 kwa 75, karibu kabisa na uwanja wa mpira. Ndipo wakaamua shule ihamie juu, na pale pachimbwe uwanja ulioshuka mita 1 chini ya mitaa inayouzunguka. Siku za kiangazi watu wacheze, siku ya mvua kubwa uwanja ubebe maji.

Kisha hesabu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya eneo la mita 610 kwa 305, na tukichukulia kwa usalama kwamba yote inatiririka, ni mita za ujazo kama 9,300. Mtoto haoni kitu kwenye namba hiyo. Mwambie ni maboza 930 ya lita 10,000, atashtuka. Uwanja wao unabeba 7,500. Zinabaki 1,800, ambazo ni matangi 360 ya lita 5,000 yanayokinga maji ya paa. Wakayahesabu mapaa yao, wakaona matangi yanatosha kugawanywa. Tulipofika hapo nilijua tumepata jiji, hata kama hatujapaka rangi nyingine yoyote.

Nyumba, njia, na mambo yasiyopendeza

Nyumba ni rahisi. Kiberiti cha kawaida kikiwa kimelala ni kama mita 25 kwa 17, urefu mita 7: jengo la ghorofa moja. Mtu ni nusu ya punje ya mchele. Kila mtoto awe na punje hiyo mfukoni, amlinganishe na kila anachojenga. Timu moja ilitengeneza basi la mwendokasi zuri sana lenye urefu wa sentimita 12, ambalo kwa kipimo chetu lingekuwa na mita 60. Basi refu la kweli, lile lenye maungio, ni kama mita 18, yaani milimita 36.

Kata pia kipande cha mbao chembamba chenye upana wa milimita 8. Hilo ni gari la zimamoto linalohitaji mita 4. Lipitishe kila mtaa wa modeli. Likikwama, nyumba isogee.

Kuhusu magorofa ya vioo, mimi nawakatalia, na nawaambia kwa nini. Jua la Dar es Salaam mwezi wa pili halina huruma, na kioo kinageuza chumba kuwa tanuri ambalo litadai kiyoyozi mchana kutwa. Waende wakaone nyumba za zamani za Kariakoo na Magomeni, zenye baraza pana na kuta zenye vitundu vya kupitisha upepo. Atakayetaka kioo baada ya hapo anionyeshe kivuli chake.

Halafu chooni. Watoto wanaona aibu, na wasimamizi wengi nao wanaona aibu. Sehemu kubwa ya jiji letu haina bomba la majitaka. Watu wana mashimo, na shimo likijaa gari la kunyonya huja kama njia inaruhusu. Kule lisikofika, wengine husubiri mvua kubwa watapishe, uchafu uende na mafuriko hadi kwa jirani wa chini. Kila mtoto wa klabu yangu analijua neno kutapisha, na hakuna aliyewahi kuliandika kwenye insha mpaka nilipomwambia ni ruhusa. Baada ya hapo wakabuni mabomba membamba ya mtaa kwa mtaa yanayoelekea kwenye mabwawa ya kusafishia, wakiwa wamekwenda kuona mabwawa ya Vingunguti kwa macho yao. Jiji la kesho ambalo halijui kinyesi chake kinakwenda wapi nalirudisha mezani.

Kitu kinachosogea kisiwe pambo. Tumeona feni zinazozunguka bila kazi yoyote. Sisi tulitengeneza lango la maji kwenye mdomo wa uwanja: kifuniko cha chupa kinachoelea, spoku ya baiskeli kama mtaimbo, na kipande cha bati la kopo la maziwa kama lango. Maji yakipanda, kifuniko kinapanda, lango linafunguka kidogo kidogo. Halina betri. Lilituchukua Jumamosi tatu, kwa sababu spoku ilikuwa inakwama kwenye tundu mpaka mtoto mmoja akaipaka mafuta ya nazi ya nywele aliyokuwa nayo kwenye begi.

Insha na pesa

Insha iandikwe kwa Kiswahili kwanza, hata kama itawasilishwa kwa Kiingereza. Nimeona mara nyingi mtoto anayejua vizuri anachotaka kusema akaandika maneno makubwa yasiyo na kitu ndani kwa sababu anatafuta Kiingereza badala ya kutafuta wazo. Akishasema kwa lugha aliyolelewa nayo, mwalimu wa lugha atamsaidia kuvusha. Aya ya kwanza iwe mahali na watu: ule msumari, zile sentimita 94. Waambie pia ukubwa wa kinachokuja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni 1 wameongezeka ndani ya miaka 10, na jiji lao la miaka 100 halina budi kusema hao na watoto wao wanalala wapi. Wewe msimamizi usishike kalamu, na usishike mkasi. Ukiona kona imekaa vibaya, kaa juu ya mikono yako.

Gharama ziandikwe kwenye daftari siku ileile, pamoja na vitu mlivyopewa bure, mkivikadiria bei. Mara ya mwisho tulitumia 12,000 kwa plywood, 8,000 gundi ya mbao, 14,000 rangi, 2,000 unga wa muhogo, 5,000 waya na taa ndogo, 10,000 mpira wa levo. Jumla shilingi 51,000, bila usafiri.

Maswali ndiyo mtihani

Wiki mbili za mwisho, modeli isiguswe. Ni wakati wa maswali. Msiwaulize ninyi walimu peke yenu, watoto wameshazoea sauti zenu. Mwite mama ntilie wa getini aulize atapika wapi na maji ya kuoshea vyombo atamwaga wapi. Mwite konda aliye zamu ya jioni, fundi bomba, balozi wa nyumba kumi. Konda mmoja alituuliza, "Abiria akishuka saa tano usiku, kutoka kituoni hadi nyumbani kwake kuna taa?" Hakukuwa na taa hata moja kwenye modeli nzima. Zile taa za shilingi 5,000 zilitokana na yeye.

Wafundishe kusema, "Hilo hatukulipima, tungelipima kwa njia hii." Jaji mwenye uzoefu anaheshimu jibu hilo kuliko hadithi. Na kila mtoto ajibu, hasa yule wa mikono ambaye hapendi kuongea. Mtoto aliyepaka spoku mafuta ya nazi alikuwa haongei kabisa darasani. Mpe kueleza kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, utamsikia.

Siku yenyewe

Jengeni modeli kwa vipande viwili vinavyoungwa kwa bolti nne. Mwaka wa pili tuliibeba ikiwa nzima ndani ya daladala, na daraja letu lilifika na nguzo mbili pungufu. Sasa tunakodi kirikuu, wazazi wanachangia, tunatandika godoro, na watoto wawili wanakaa nyuma wakiishikilia pamoja na mzazi mmoja. Mwambie dereva mapema kwamba hatapita njia ya mashimo hata kama ni fupi.

Fikeni saa moja kabla. Fungeni bolti, pimeni kwa levo kama ubao umelala sawa, kwa sababu meza za kumbi nyingi hazijanyooka. Vipande vya kadibodi chini ya mguu wa meza vinatosha. Bebeni lita 3 za maji safi, beseni, mataulo mawili, gundi, bati la ziada la lango, na kopo lenye matundu. Anayemimina awe amefanya mazoezi, maana mkono ukitetemeka mvua inanyesha upande mmoja. Kabla ya kumimina, aombe ruhusa kwa majaji, awasogezee makaratasi yao, kisha awaulize wao wanadhani maji yataanzia kukusanyika wapi.